Opereta Aliyesubiri Kurasa

Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba intaneti huletwa Sumbawanga na basi la kutoka Mbeya, ndani ya pipa. Msinicheke. Aliyeniambia alikuwa utingo wa basi lenyewe, mtu mwenye koti la ngozi, na enzi zile mtu mwenye koti la ngozi mjini kwetu hakuombwa ushahidi. Alisema pipa likishushwa asubuhi, wateja wa kwanza wanapata mtandao ule mzito wa juu, wa saa sita wanapata uliochujuka, na ukifika saa kumi unakuta machicha. Na kweli, kila nilipopita jioni kwenye steshenari ya Dada Neema, yenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, nilimsikia akiwaambia watu, "Mtandao umeisha, njooni kesho." Sasa kitu kinachoisha si lazima kiwe kwenye chombo? Siku moja nilimsaidia yule utingo kushusha boksi la Dada Neema. Nikalitikisa, nikasikia ndani kitu kinachezacheza kama maji. Nikarudi kwenye mashine ya kusaga nilikokuwa nafanya kazi, nikawatangazia kina mama waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi kwamba nimeubeba mtandao kwa mikono yangu miwili, na ni mzito kuliko mafuta ya taa.

Ulikuwa wino wa kuchapishia. Aliyenifungua macho ndiye mtu ninayetaka kumwandika hapa, na alinieleza bila kucheka, akatoa na kalamu akanichorea waya wa simu unavyotoka kwenye nguzo mpaka kwenye kompyuta. Habari ya pipa ikafa siku hiyo. Habari ya kuisha sikumwuliza, nikabaki nayo kimyakimya.

Tulimwita Opereta. Jina lake halisi mji mzima ulilijua, ila sikumbuki kumsikia mtu akilitumia, hata padri. Alikuwa ameunganisha simu za watu tangu enzi za ubao wenye matundu na nyaya, pale ukitaka kuongea na Dar es Salaam unamwomba yeye, unakaa kwenye benchi, unasubiri kuitwa. Ikaja ile miaka ya ruksa na ubinafsishaji, mashirika yakapunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake walifungua vibanda vya mitumba, wengine walirudi kulima Mwimbi. Yeye alirudi nyumbani na koti lake zito la kazini na akaendelea kulivaa kila siku kama mtu aliye likizo. Sumbawanga ina baridi, sikatai. Mwezi wa saba kuku wetu hutaga mayai ambayo ukiyapasua unakuta kiini kimejikunyata. Lakini koti lile alilivaa hata mwezi wa kumi, jua likichoma bati, shingo imefungwa mpaka juu.

Alizungumza kama yuko kwenye laini. Ukimwambia shikamoo, anajibu, "Marahaba, nakupata, endelea." Ukinyamaza kidogo kutafuta neno, anauliza, "Upo?" Na hakukuangalia usoni ukiongea. Alikugeuzia sikio, akaangalia ukutani. Wageni walidhani ana dharau. Sisi tulijua kwamba hapo ndipo amekushika kwelikweli.

Siri za mji huu alikuwa nazo zote. Nani alimpigia nani, nani alilia, tajiri gani alikuwa anaomba mkopo Mbeya huku akitembea kifua mbele sokoni. Mama mmoja muuza vitunguu alimfuata na jogoo mkononi ili amwambie tu kama mume wake ana nyumba nyingine Mpanda. Nilikuwepo.

"Mama, mimi ni waya," Opereta akamjibu. "Waya haujui kilichopita ndani yake."

"Waya gani unaovaa koti?" yule mama akasema. "Basi nirudishie jogoo wangu."

"Sijampokea."

"Si umemwangalia!"

Hakutoa neno. Miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akisema jambo la mtu mwingine. Na bado, mtu huyo mwenye subira ya mawe mbele ya laini mbovu hakuwa na chembe ya subira mbele ya chai. Chai ikichelewa alisimama, akavaa kofia, akaondoka, hata kama ni kwenye msiba. Kwenye harusi ya mtoto wa dada yake aliondoka kabla ya keki kwa sababu ya themosi moja iliyochelewa.

Mimi nilimjua kwa shule. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimefunikwa na unga wa mahindi mpaka kwenye kope, nilipojiandikisha masomo ya jioni. Tulisoma kwenye darasa la kuazima la shule ya msingi, magoti yetu yakigonga madawati ya watoto, na Opereta akatufundisha Kiingereza kwa mtindo wake. Alitukalisha wawiliwawili, mgongo kwa mgongo, tuongee bila kuonana. "Kama hakuelewi mpaka akuone midomo," alisema, "bado hujasema kitu." Hivi ndivyo nilivyojifunza Kiingereza, nikiegemea mgongo wa askari magereza mwenye kilo mia mbili. Nilifaulu. Nasema tu kwa wale waliobisha.

Simu za mkononi zilipoingia mjini, kampuni zilipaka rangi zao kwenye kila ukuta uliosimama, maduka, baa, mpaka vyoo vya stendi. Watu walinunua simu kabla ya viatu. Opereta hakununua. Wakimletea zilizoharibika anazitengeneza, anazijaribu, anasema haloo mara moja, anazirudisha. Nilimwuliza kwa nini hataki yake. "Wamefuta mtu wa katikati," akajibu. "Ikikatika, nani anakuomba radhi?"

Lakini alipoona kompyuta za Dada Neema zinavyokwenda, alijisikia nyumbani. Kitu kile kilikuwa kinapiga mluzi kwenye waya wa simu, kinakoroma, kinakata, kinaanza upya. Ukurasa mmoja ulifunguka kuanzia juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayekunja pazia kwa mkono mmoja. Kijana mmoja wa Majengo alikaa kufungua barua ya mchumba wake, na ilipomaliza kufunguka yule mchumba alikuwa ameshaolewa na mtoto anaota meno. Labda nimeongeza kidogo. Lakini watu walipiga meza, walitukana, waliondoka. Opereta alikaa. Aliweka mikono mapajani, akainamisha sikio kwenye mashine, na Dada Neema alipowasimulia wateja alisema yule mzee anaisikia laini ikirudi kabla taa ya modemu haijawaka.

Ndiyo maana watu wa kisiwani walimtumia yeye.

Mbele ya Kirando, ndani ya ziwa, kuna visiwa vidogo. Kwenye kimojawapo hakukuwa na simu, wala umeme, wala muuguzi. Zamani ujumbe wao ulipitia redio ya Kirando kuja kwa Opereta, naye akauunganisha na dunia. Sasa waliandika kwenye vikaratasi, wakavifunga kwenye mdomo wa gunia la dagaa, na lori likapanda navyo mlima kupitia Namanyere mpaka kwetu. Tutazamie matokeo ya fulani. Tutazamie kama jina la fulani limetoka. Opereta alivinusa kwanza, akavinyoosha kwenye meza ya Dada Neema, akasubiri ukurasa, na majibu yakateremka na lori lilelile. Hakuwatoza kitu. Wao walimletea migebuka iliyokaushwa, na samaki huyo alimpenda kuliko kiumbe chochote. Alimla kwa ugali wa ulezi, kimya, macho yamefumba.

Mara ya kwanza aliposhuka kisiwani kuwatembelea, hakumjua mtu hata mmoja kwa sura. Alisimama kwenye mchanga na koti lake, akafumba macho, akawaambia waseme mmoja mmoja. Wa kwanza akasema tu, "Karibu, mzee." Opereta akamtaja jina. Wa pili akamtaja. Mama mmoja akasema, "Mimi hunijui," naye akamjibu, "Wewe ulimpigia kaka yako Kigoma, mwaka ule wa kipindupindu." Yule mama akaketi chini mchangani.

Sasa nifike pale ninapozungukazunguka.

Kisiwani palikuwa na binti anaitwa Zaituni. Alikuwa amemaliza kidato cha nne Namanyere, akarudi kuanika dagaa na mama yake, na alikuwa ameomba chuo cha uuguzi. Dada yake mkubwa alikuwa amefia mtumbwini akipelekwa Kirando kujifungua, mtoto pia. Kwa hiyo Zaituni alitaka kuwa muuguzi, na kisiwa kizima kilitaka awe, mpaka wavuvi walimchangia ada ya kuombea nafasi. Kikaratasi chake kilikuja kimeandikwa kwa herufi kubwa: NAOMBA KUJUA KAMA NIMO.

Ilikuwa orodha ya waliochaguliwa tu. Usipokuwemo, hukuchaguliwa. Opereta aliniomba nimsaidie kuandika, kwa sababu kuchapisha kulikuwa ghali na macho yake yalichoka kutoka kwenye kioo kwenda kwenye karatasi. Tulikaa tangu asubuhi. Laini ilikatika mara sita, na ukitaka nitasema kumi na sita. Yeye anasoma jina na namba, mimi narudia, naandika kwenye kaunta buku, kama alivyozoea kazini, kila kitu mara mbili. Saa kumi kasoro tukafika namba hamsini na nane. Mstari ukakaa vizuri, umekamilika, chini yake kweupe. Ukurasa ukasimama.

Tukasubiri. Nje wenye maduka walianza kuingiza bidhaa. Mashine yangu ya kusaga ilikuwa inanisubiri, na tumbo langu lilikuwa linaongea kwa sauti kubwa kuliko modemu.

"Mwalimu," nikasema, "umeisha."

"Nini kimeisha?"

"Mtandao. Si unaona umesimama? Na orodha imeisha, chini hakuna kitu."

Aliangalia kioo. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akaangalia tena.

"Haya," akasema. "Andika, Zaituni hayumo."

Nikaandika. Nakumbuka niliandika vizuri, kwa mwandiko wangu wa mtihani.

Baada ya wiki tatu alikuja mashineni kwangu. Hakuwa na kofia. Alisimama mlangoni kwenye vumbi la unga mpaka koti likawa jeupe, na mimi nikafikiri kuna msiba. Alikuwa amerudi kwa Dada Neema kutazama jina la mtu wa Matai kwenye orodha ileile, na asubuhi hiyo ukurasa ulifunguka wote.

"Zaituni yumo," akasema. "Namba sitini na tatu. Mwisho wa kuripoti ni Jumatatu."

Ilikuwa Ijumaa. Alijaribu redio ya misheni, Kirando hawakujibu. Tukapata lori lililokuwa linarudi na magunia matupu, tukakaa juu. Liliharibika kabla ya Namanyere, tukalala humo, na Opereta njia nzima hakuuliza hata mara moja kama nipo. Tulifika kisiwani Jumapili mchana kwa boti ya kukodi.

Zaituni alikuwa amepiga magoti kwenye kichanja, anageuza dagaa. Alipomwona Opereta aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, babu. Mbona bila taarifa?"

"Marahaba, mjukuu wangu." Safari hii alimtazama usoni. "Jina lako lipo. Nilikusomea vibaya. Sikufika mwisho wa ukurasa."

Hakuelewa. Mjomba wake aliyekuwa anashona nyavu ndiye aliyeelewa.

"Mzee, wiki ile ulituma karatasi hayumo. Leo yumo. Hayo majina yanaota usiku kama uyoga?"

"Alikuwemo siku zote. Kosa ni langu."

"Na kuripoti lini?"

"Kesho."

Mjomba akacheka, kile kicheko ambacho usingependa kukisikia. "Kesho! Umpe na mabawa basi!"

Mimi nilitaka kusema. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, kwamba mzee huyu hana kosa, niliyesema umeisha ni mimi. Nikamwangalia Opereta, naye akanitikisia kichwa kidogo, hapana. Nikanyamaza. Mama yake Zaituni aliingia ndani, akatoka na begi lililokuwa tayari limefungwa. Hawakuwa wamelifungua tangu siku alipoomba.

Tulipanda naye mpaka Sumbawanga, Opereta akamwombea nafasi kwenye basi la Mbeya, na akaandika barua kwa mkuu wa chuo kwa Kiingereza chake cha laini, akieleza habari ya waya na kurasa. Zaituni alifika chuoni Alhamisi. Walimwambia nafasi yake imepewa mwingine tangu Jumanne. Mwaka uliofuata walibadilisha masharti, wakataka alama ya fizikia ambayo hakuwa nayo. Aliolewa kisiwani. Yuko huko mpaka leo, na kisiwani mpaka leo wanawake wenye uchungu hupakiwa kwenye boti.

Opereta hakuacha kwenda kwa Dada Neema, lakini alikuwa mwingine. Akiwa na orodha ya mtu alikaa mpaka binti wa usafi amfagie miguu. Ukurasa ukifunguka wote aliufunga, akaufungua upya kuhakikisha. Chini ya kila jibu aliloteremsha ziwani aliandika mstari mmoja, ama "Nimefika mwisho" ama "Sijafika mwisho, msiamini." Vijana waliokuwa wakisubiri kompyuta walimzomea.

"Babu, unaatamia?"

"Nakupata," aliwajibu bila kugeuka.

Zaituni aliendelea kumtumia migebuka kila msimu, na salamu. Hakuwahi kutuma lawama, nami nadhani lawama zingekuwa nyepesi zaidi. Opereta aliipokea, akashukuru, akaigawa kwa majirani mkia kwa mkia. Yeye akawa anakula maharage. Alisema ni tumbo.

Na mimi? Mimi niliondoka na hadithi nzuri. Niliisimulia kila mahali, kwenye vilabu, kwenye kipaimara, kwenye safari za Mpanda: jinsi ujinga wangu wa mtandao kuisha ulivyomkosesha binti chuo, na jinsi mzee muungwana alivyojitwisha kosa langu mbele ya watu wa kisiwani, akanitikisia kichwa nisiseme. Watu walicheka kwenye pipa na kufuta machozi kwenye kisiwa. Usiku, nikiwa peke yangu, sikuwa nacheka. Lakini hata hapo kulikuwa na kitu cha kujishikilia. Nilikuwa nimewahi kupendwa na mtu mkubwa kiasi hicho.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa nyumbani kwake Chanji, mchana, miaka mingi baadaye. Mtandao ulikuwa umeshakuwa kitu cha mfukoni. Wajukuu zake walikuwa wamekaa kizingitini wakiangalia mpira wa Ulaya kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja. Alikuwa amekonda. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, na bila koti alionekana kama mtu niliyekuwa sijawahi kutambulishwa kwake. Nilimletea ulezi kutoka mashineni, mashine ambayo sasa ni yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, bwana Mashine. Unanenepa tu?"

"Unga haupotei, Mwalimu, nauvuta kwa pua."

Akacheka, akakohoa. Tukakaa. Nikaona kama si siku hiyo basi tena.

"Mwalimu, siku ile ya orodha ya Zaituni," nikamwambia. "Niliyesema umeisha ni mimi. Ningekaa kimya, wewe ungesubiri. Halafu kule kisiwani ukanificha. Sijawahi kukushukuru, wala kukuomba msamaha."

Aligeuza sikio, akaangalia ukutani, kama kawaida yake. Halafu akageuka akanitazama, na nikatamani arudi kuangalia ukuta.

"Sikukuficha," akasema. "Nilikutikisia kichwa kwa sababu ulikuwa unataka kusema uongo mbele ya mama wa watu."

"Uongo gani, Mwalimu? Si nilisema mimi?"

"Ulisema. Sikukusikiliza. Pale kwenye kioo kulikuwa na alama ya saa ya mchanga. Ikionekana, maana yake kazi bado. Wewe hukuijua. Mimi niliijua, na niliiona. Nikafuta miwani, nikaiona tena."

Mjukuu mmoja alishangilia goli. Opereta akangoja kelele ziishe.

"Nilijua orodha haijaisha," akasema. "Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kwenda nyumbani kunywa chai."